Pembe ya Ua Isiyotiwa Simiti

Shella, Malindi
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu Mwanaesha,

Assalamu alaikum. Wewe nakupa mkono kutoka huku mbali, na Mama namshika miguu. Je, hamjambo huko Faza? Kifua cha Mama kimetulia, au bado kinambana alfajiri? Na wanao wangali wakipewa maziwa ya Nyayo shuleni? Uliniandikia kwamba yule mdogo huyanywa yote njiani akafika nyumbani na pakiti tupu, akasema eti paka amemshika mguu yakamwagika. Nilicheka peke yangu jikoni hata Athmani akaja kuuliza kuna nini.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Neno hili "mzima" safari hii naliandika kwa kweli. Katika zile barua mbili zilizopita niliandika uongo, na ndiyo sababu zilikuwa fupi.

Najua umenikasirikia, na haki unayo. Binti yako wa kwanza ameolewa, nami khalati wake sikuja kumfunga hata leso. Nilituma jozi mbili za leso na maneno kwamba nina homa. Homa haikuwako, Dada. Nilikuwa na mimba, ikaharibika. Sikuwa nimekwambia kwamba ninayo kwa sababu nilitaka mwezi wa nne upite kwanza, uje usikie habari iliyokwisha kusimama vizuri. Haukupita. Basi nikaona haya kukupa msiba wa kitu ambacho furaha yake sikukupa.

Wewe nyumba yetu unaijua kwa kusikia tu, kwa hivyo nikueleze upate kufuata. Mbele ni vyumba vitatu vya mawe, makuti juu. Nyuma ni ua uliozungushiwa ukuta, na mlango mdogo wa kutokea kichochoroni. Banda la jiko liko kushoto, choo na pa kuogea kulia, na katikati palikuwa udongo mtupu. Udongo wenyewe ulikwisha kunywa majivu na maji ya vyombo miaka na miaka, ukawa mweusi, na ukinyeshewa huteleza kama bamia. Wakati wa masika tulikuwa tukipita juu ya vipande vya mbao kama kuku.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Athmani alikuwa na lori lake upande wa Garsen, njia imekatika, siku ya tatu hajarudi. Nilitoka na ndoo ya maji kwenda jikoni, ubao ukazunguka chini ya mguu, nikaanguka kwa ubavu. Niliinuka mwenyewe. Nikachota maji mengine hata, nikapika chai. Ilipofika adhuhuri nikaona damu. Mavyaa wangu, Bi Rukia, mamake Athmani, alikwenda mbio kwa jirani mwenye gari bila hata buibui, leso tu kichwani, mwanamke ambaye hatoki mlangoni bila kujifunika vizuri. Hospitali wakanilaza siku mbili. Daktari alikuwa mtu wa upole, akaniambia mimba nyingine huharibika zenyewe, si lazima iwe ni kule kuanguka. Nilimsikia. Lakini kila nilipofumba macho niliuona ule ubao unazunguka.

Niliporudi nyumbani, Dada, kilichoniumiza zaidi ni kimya cha Mavyaa. Kila asubuhi aliniletea uji wa pilipili manga, akauweka chini karibu na kitanda, akasema, "Kunywa," akatoka. Neno moja tu. Hakuniuliza nalala vipi, hakukaa kitandani hata kidogo. Mimi nikajihesabia kwamba ameudhika nami, kwamba anaona mke wa mwanawe ni mzembe, amemvunjia mjukuu kwa kukimbilia ndoo ya maji. Hata nikaanza kumchukia kidogo. Nakwambia wewe kwa sababu wewe sikufichi kitu tena.

Athmani aliporudi hakusema mengi. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akiutazama ua muda mrefu, viatu vyake vya safari bado miguuni. Kisha akasema, "Huu ua nitausakafia wote. Hapana atakayeanguka hapa tena." Nilijua ni njia yake ya kulia.

Basi tukaanza kupanga. Alileta kalenda ya mwaka jana, akaigeuza nyuma, akachora ua wetu kwa penseli. Hapa jiko, hapa choo, hapa mlango. Nikamwambia nataka mahali pa kuanika mchele penye jua la asubuhi, na kibaraza cha chini kando ya jiko, tukae jioni kukuna nazi bila kuchafua nguo. Akachora. Nikamwambia nataka maji ya vyombo yawe na mfereji wake. Akachora. Dada, ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kujisikia nataka kitu.

Tulipomwonyesha Mavyaa, aliitazama ile karatasi kisha akaweka kidole kwenye pembe ya mwisho, chini ya ukuta wa upande wa kibla.

"Sakafieni," akasema. "Lakini pembe hii msiiguse. Toka hapa mpaka hapa." Palikuwa mahali padogo, kama mikeka miwili ya kuswalia.

"Kwa nini, Mama?" Athmani akauliza.

"Nimesema."

Fundi tuliyempata ni mtu wa Vitengeni, jina lake Kazungu, amejenga nyumba nyingi hapa mjini. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuja na kamba, vigingi, na kile kibao cha pima maji chenye kitone ndani ya kioo. Akapima, akazunguka, akachuchumaa akifumba jicho moja. Mwisho akamwambia Athmani, "Ua wako wote umelalia ile pembe ya kibla. Maji yanakwenda huko. Tukiisakafia, tunatoboa ukuta pale, maji yatoke nje. Tukiiacha, maji yote yatajaa pale kama kisima."

Athmani alinitazama. Nami nilimtazama. Siku mbili baadaye Mavyaa alikuwa na safari ya Takaungu kumzuru dada yake, alale huko usiku mmoja. Athmani akasema, "Akirudi atakuta pamekwisha. Ataona pazuri, atasahau. Ni mambo ya wazee tu." Mimi sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Nilitaka ule ua wangu wa kwenye karatasi. Na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa na lile neno la "Kunywa," nikaona naye kwa mara moja apitwe na jambo.

Asubuhi ile Kazungu na msaidizi wake walianza kuondoa udongo wa juu, kina cha shubiri moja, ili chini pawekwe mawe yaliyopondwa yashindiliwe kabla ya simiti. Walianzia mlangoni wakaja wakishuka. Alasiri walikuwa wamebakisha ile pembe. Kazungu aliinua sururu akapiga mara ya kwanza, mara ya pili, na hapo mlango wa kichochoroni ukafunguka. Ni Mavyaa, na kikapu chake mkononi. Dada yake hakumkuta, amekwenda Mombasa, naye akageuza siku ile ile.

Nilidhani atapiga kelele mtaa mzima usikie. Hakupiga. Aliweka kikapu chini, akapita katikati ya ule udongo uliochimbwa, na buibui lake likiburura, akaenda mpaka kwenye pembe. Kazungu akarudi nyuma. Mavyaa akaketi chini, pale pale, juu ya udongo, miguu ameinyoosha mbele, viganja viwili ameviweka ardhini kila upande.

"Haya," akasema. "Chimbeni."

Hakuna aliyetikisika. Kazungu aliiweka sururu chini polepole kama kitu cha kioo, akavua kofia. Yeye humwita Mavyaa "hawe," ndiyo bibi kwa lugha yao. "Hawe," akasema, "sikujua. Nimegusa udongo wa juu tu. Sijafika mahali."

"Sijakulaumu wewe," Mavyaa akamjibu. "Wewe umetumwa."

Kazungu akamwita msaidizi wake, wakatoka nje kichochoroni wakatuacha. Athmani alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema, "Mama, inuka, utachafuka," na Mavyaa akasema, "Nenda kaswali, Athmani. Niachie mke wako."

Akaenda. Nikabaki nami nimesimama na uso sijui niuweke wapi. Mavyaa akapiga ardhi kwa kiganja, kando yake. "Keti."

Nikaketi. Akawa akiurudisha kwa mkono ule udongo uliochimbuliwa, akiusawazisha.

"Kabla ya Athmani nilipoteza mimba mbili," akasema. "Zote hazikufika mwezi wa nne. Mume wangu alizifunga kwa kitambaa cheupe, kila moja kwa mwaka wake, akazizika hapa. Hazikuwa za kuswaliwa, hazikuwa za kupelekwa makaburini. Watu hawakuja kutoa pole, maana hapana aliyejua. Mimi kila siku nafagia hapa. Ndilo pole langu."

Nami nikaanza kuusawazisha ule udongo pamoja naye.

Akanigeukia. "Na wako? Wako amezikwa wapi?"

Dada, swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Athmani hakuuliza, wala daktari, na mimi mwenyewe nafsi yangu sikuiuliza. Nikamwambia, "Sijui, Mama. Walinichukulia hospitalini. Sikuuliza." Na hapo ndipo nikalia. Nililia kama nilivyolia siku ya maziko ya Baba, unakumbuka, ukanishika nisidondoke. Mavyaa alinivuta kichwa akakiweka mapajani mwake, pale kwenye udongo, na buibui na kila kitu.

"Nilikuwa sijui niseme nawe kwa kinywa gani," akaniambia. "Kila nikikuletea ule uji nilikuwa najua nikitia neno la pili nitalia mimi, na wewe ndiye mgonjwa. Nikaona heri ninyamaze. Kumbe nimekosea."

"Nilidhani unanichukia," nikamwambia.

"Nikuchukie kwa jambo ambalo limenifika mara mbili?"

Athmani alirudi kutoka msikitini akatukuta hivyo hivyo. Mavyaa akamwambia mwenyewe, kwa maneno machache. Athmani alichuchumaa mbele yake, mikono imemlegea magotini. Mwanamume huyu miaka yote alijua kwamba yeye ni mtoto wa kwanza.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningefagia mimi."

Mavyaa akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha Athmani akanigeukia, akaniambia mbele ya mamake, jambo ambalo si desturi yake, "Zuhura, siku ile sikuwako. Ningeliacha lori nikatembea kwa miguu ningelifika." Nikamwambia njia ilikuwa imekatika, maji yalikuwa yamefunika daraja. Akasema anajua. Tukaliacha hapo. Lakini lilikwisha kusemwa, nami nilikuwa nikilisubiri bila kujua.

Asubuhi yake Kazungu alirudi, akaisikia habari, akatikisa kichwa. "Kwetu pia mtu hachimbi penye mtu wake," akasema. Akang'oa vigingi vyake vyote. Ilibidi aupange ua upya. Kwa kuwa maji hayawezi tena kukimbilia pembe ya kibla, ilibidi yageuzwe yatokee mlango wa kichochoroni, na upande ule ndio uliokuwa juu. Basi akasema tujaze mawe yaliyopondwa upande wa kibla, tuuinue ua mpaka ukubali kulala upande wa pili, na tuizungushie ile pembe ukingo wa matofali, simiti isiingie wala maji yasiingie. Athmani akaleta mawe kwa lori mara mbili zaidi. Kila jioni Kazungu aliweka kile kibao chake cha pima maji, akamwita Mavyaa aje aone kitone kimeelekea wapi. "Hawe, tazama. Kitone kimepanda huku, basi maji yanakwenda kule, hayaji kwako." Mavyaa aliinama akakitazama kile kitone kama anayesoma barua.

Siku ya kumwaga zege nilitamani ungekuwapo. Mchanga ulikuwa wa mto Sabaki, si wa pwani, maana Kazungu asema wa pwani una chumvi na chumvi haina urafiki na simiti. Waliuchanganya na kokoto na simiti chini kwa mabeleshi, wakaupindua mkavu mara tatu, kisha wakatia maji, wakaupindua tena. Majirani wanawake walinisaidia kuteka maji kwa madebe. Wanaume wakabeba zege kwa makarai, wakamimina kati ya mbao, kipande kwa kipande, Kazungu akivuta ubao mrefu juu yake huku na huku mpaka zege likalala sawa. Athmani alijifanya fundi naye, akashika mwiko, Kazungu akautwaa mkononi mwake bila neno. Tulipika biriani ya samaki sufuria mbili. Ilipofika jioni ua wote ulikuwa umelala kijivu, unang'aa maji, na hapana aliyeruhusiwa kuukanyaga. Tukaingilia mlango wa mbele kama wageni.

Tulifunika sakafu kwa magunia, na fundi akaamuru yasikauke siku saba, asubuhi na jioni yanyweshwe, la sivyo simiti itapasuka. Kazi hiyo tuliifanya mimi na Mavyaa, kila mmoja na kopo lake, yeye upande huu mimi upande ule. Na ndipo tulipozungumza, Dada. Maneno ya miezi yote yale yalitoka juu ya magunia yale. Siku ya nne au ya tano, sikumbuki, aliniuliza bila kunitazama, akimimina maji, "Ulikuwa umempa jina?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mpaka siku ile. "Nilikuwa nikimwita Amani," nikasema. "Sikujua ni mume au mke, nikaona hilo linafaa popote."

"Amani," akasema. Akamimina tena. "Wangu wa kwanza nilimwita Heri. Wa pili niliogopa kumpa jina. Mpaka leo, nikimwombea, humwita yule mwengine."

Akajaza kopo lake upya pipani, tukaendelea.

Mvua za vuli zimeanza wiki hii. Juzi ilinyesha kubwa, mchana, nikatoka uani kutazama. Maji yalipita katikati ya sakafu yakaelekea kichochoroni kama yalivyoelekezwa, pembe ya kibla ikabaki na mvua yake ya juu tu. Nilikuwa peku. Nilitembea toka jikoni mpaka chooni na kurudi, polepole, na mwili ukitetemeka, si kwa baridi. Mara ya pili sikutetemeka sana. Mavyaa alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, hakuniita ndani. Alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akanipa leso kavu.

Kipande kimoja karibu na choo kimepasuka ufa mwembamba kama unywele. Kazungu asema ni kwa sababu magunia ya upande ule yalikauka siku moja. Ni kweli, ni siku ile tuliyosahau kwa mazungumzo. Asema hauna madhara. Athmani ataka auzibe, mimi nimemwambia auache.

Barua hii inachukuliwa na jirani yetu anayekwenda Lamu kesho kwa basi la asubuhi, atampa nahodha wa mashua ya Faza. Nisalimie mumeo, shemeji yangu, umwambie kitambaa cha suruali nimekiona lakini si rangi ile aliyoitaka. Nisalimie bi harusi wetu na mumewe, uwaambie waniwie radhi, nitakuja kuwaona kabla ya Ramadhani, Mungu akipenda, na safari hii nitakuja kweli. Nisalimie kaka yetu na mkewe wa Siyu, na Ami anayetutunzia minazi ya Baba, na mwalimu wetu wa chuoni, umwambie mwandiko wangu bado ni ule ule mbaya. Mavyaa akusalimu sana, na asema mtoto wako anayekunywa maziwa njiani aletwe huku amwone.

Sasa, Dada, nina ombi moja. Usimsomee Mama barua hii kama ilivyo. Mwambie wewe kwa maneno yako, akiwa ameketi, amekwisha kula, na usiondoke upesi baada ya kumwambia. Atakuuliza kwa nini nilimficha. Mwambie niliona haya, na kwamba sioni tena. Na akikuuliza kama bado nalia, usimdanganye. Mwambie, ndiyo, siku nyingine nalia, lakini silii peke yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuhura